Maswali ya Wasomaji: Kamera Mbele ya Vijana wa Mawimbi

Barua tano za mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni utengenezaji wa filamu za hali halisi kuhusu vijana wa mwambao wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao, mchezo ambao wao wenyewe huuita kusefu. Nimezifupisha bila ya kubadili maana. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, na wasomaji wataniwia radhi, kwa kuwa mengi yaliyoulizwa katika zile nne yanaanzia humo.

SWALI: Ndugu mjibu maswali, salamu sana. Mimi ni kijana wa Malindi, nimesomea utangazaji na nina kamera ya kuazima. Katika ghuba yetu lipo kundi la vijana wapatao kumi na wanane, wengi wao watoto wa wavuvi, ambao kila msimu wa kusi huteleza juu ya mawimbi kwa mbao zilizoachwa na watalii na nyingine walizozichonga wenyewe. Nchi nzima haina habari nao. Nimekusudia kutengeneza filamu ya kuwagundua na kuwatambulisha kwa ulimwengu, na nimejitengea wiki mbili za kupiga picha. Nianzie wapi? – Msomaji, Malindi

JIBU: Kaka, nakupongeza kwa kutaka kupiga picha za kwenu kabla ya kukimbilia za kwa watu. Hata hivyo nina ugomvi na neno moja katika barua yako, yaani hilo "kuwagundua". Wewe ni mtu wa Malindi, mji ambao kila mtoto wa shule nchini hufundishwa kwamba Vasco da Gama aliufikia mwaka 1498, na nguzo inayobeba jina lake mpaka leo imesimama pale kwenye mwamba. Lakini mgeni huyo alipotaka kuvuka kwenda Bara Hindi ilibidi apewe rubani papo hapo Malindi, mtu aliyekwisha kuijua njia ambayo vitabu vingi baadaye viliisifu kuwa imegunduliwa. Vijana wako nao wanajulikana: mama zao wanajua wako wapi wasiporudi kula, mwenye banda la chai anajua nani ana deni lake, na wavuvi wanawajua vizuri sana kwa kuwa ndio wanaowakemea wasipite juu ya nyavu. Wasiowajua ni watu wa mbali. Filamu itakayoanza kwa kusema kwamba hawajulikani itakuwa imekwisha kuchagua kuwatazama kwa macho ya hao wa mbali, na wewe uliyezaliwa hapo utakuwa umejigeuza mgeni kwa hiari yako.

Tuje sasa kwenye wiki mbili zako, ambazo nasema mapema kwamba hazitoshi, na sababu yake imo katika wimbi lenyewe. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na mwamba wa matumbawe. Mawimbi ya bahari kuu huvunjikia huko nje, na maji yanayofika ufuoni huwa yamekwisha nguvu. Ghuba ya Malindi ni tofauti kwa sababu ya Mto Sabaki, ule unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, ukapita Tsavo kwa jina la Galana, kisha ukamwaga matope yake kaskazini kidogo ya mji wenu. Matumbawe hayastawi katika maji ya matope. Kwa hiyo ghuba imebaki wazi, na kusi inapovuma, tangu Aprili hivi hadi Septemba, mawimbi huingia mpaka mchangani. Udongo huohuo wa mto huunda na kuvunja mafungu ya mchanga chini ya maji, ndiyo maana vijana watakuambia kwamba mwaka jana wimbi zuri lilikuwa mbele ya mahali fulani na mwaka huu limehama. Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa kuwa yanafaa kuonekana ndani ya filamu; mtazamaji wa Machakos angefurahi kujua kwamba wimbi la Malindi limechangiwa na udongo wa kwao.

Sasa angalia jinsi misimu inavyokutana na mifuko ya watu. Kusi ndiyo iletayo mawimbi, lakini kusi hiyohiyo ndiyo inayowazuia wenye mitumbwi na ngalawa kutoka nje, na miezi yake ya mwanzo, ambayo ni ya masika, ndiyo miezi ambayo hoteli nyingi za mwambao hupunguza wafanyakazi au kufunga kabisa. Kaskazi inapoingia mwezi wa Desemba bahari hutulia, samaki hupatikana, watalii hurudi, na kijana yuleyule uliyemwona juu ya wimbi anakuwa utingo wa boti ya wageni, au kibarua wa mjengo, au dereva wa bodaboda. Mchezo wao unastawi wakati kazi imekauka, na kazi inapopatikana wimbi halipo. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipo filamu yako, na huwezi kuipata kwa wiki mbili za Julai, kwa sababu wiki hizo zitakupa picha za vijana wakiteleza kwa furaha tu, jambo ambalo simu ya mkononi ya mmoja wao imekwisha kulipiga vizuri kuliko utakavyolipiga wewe.

Kwa hiyo jipangie mwaka mmoja, hata kama utapiga picha siku thelathini tu ndani yake. Kusi ya kwanza nenda ufuoni bila ya kamera kwa siku nyingi, ukae, usaidie kubeba mbao, ule mihogo ya kuchoma pamoja nao, na usikilize. Utagundua mambo (hapa neno hilo naliruhusu) ambayo maswali ya mahojiano hayayatoi: nani hupewa ubao mzuri na nani hungoja zamu hadi maji yanapokupwa, nani anapaka mshumaa juu ya ubao kwa kuwa nta yenyewe haipatikani madukani, nani anajua kuziba ufa kwa faiba aliyoipata kwa fundi wa boti. Ubao mmoja uliovunjika na kuzibwa mara nne unaweza kukusimulia habari za kundi zima kuliko mwenyekiti wao aliyekalishwa mbele ya kamera.

Katika vijana kumi na wanane chagua wawili au watatu. Najua watakaoachwa watanuna, na ni heri uwaeleze mapema kwamba filamu haibebi watu wote, kuliko kuwapiga wote picha na kisha kuwakatia chumbani mwa uhariri. Chagua mwenye kitu anachokitaka na kitu kinachomzuia. Kwa mfano, yuko anayetaka kuwa mlinzi wa waogeleaji lakini hana cheti, au mwenye baba mvuvi anayeona mchezo ule ni uvivu uliopewa jina. Baba huyo naye mpe nafasi ya kusema kwa heshima, kwa sababu hoja yake ina uzito: yeye anaona mtoto mwenye mikono mizima akicheza ndani ya bahari ambayo yeye ameitumikia maisha yake yote.

Ninakushauri pia uwape kamera ndogo baadhi yao, si kwa ajili ya kupata picha za majini tu. Filamu iitwayo Thank You for the Rain, iliyotoka mwaka 2017, ilitengenezwa na Julia Dahr wa Norway pamoja na Kisilu Musya, mkulima wa Ukambani ambaye alijipiga picha yeye na jamaa zake kwa miaka kadhaa, na nguvu ya filamu ile inatoka katika yale aliyoyapiga usiku nyumbani kwake, mahali ambapo mgeni hangekuwapo. Kijana akirudi nyumbani mikono mitupu wakati wa kusi, na mama yake akamuuliza alikuwa wapi, picha hiyo haitapatikana kwa stendi na lenzi ndefu.

Jambo la mwisho kwako ni ardhi. Kamera yako itakapoonyesha ufuo mzuri wenye mawimbi, wapo watakaotazama mchezo na wapo watakaotazama kiwanja. Pwani yetu inayo historia ndefu ya watu kuishi bila ya hati na ya vijia vya kuendea baharini kuzibwa kwa kuta. Waulize vijana wenyewe, katika kikao, kama wanataka mahali pao pa mazoezi patajwe kwa jina, na chochote watakachoamua kifuate hata kama kinakunyima picha uliyoipenda.

SWALI: Mimi ni dada mpiga picha wa Dar es Salaam. Nimepiga picha za vijana wanaocheza na mawimbi upande wa Kigamboni, lakini kamera yangu imeingia maji ya chumvi na sauti yote niliyorekodi ni upepo mtupu. Nilikosea wapi? – Mwenye hasara, Dar es Salaam

JIBU: Dada, pole. Mimi pia nimewahi kuizika kamera, na kama wewe nilidanganywa kwamba niifukie ndani ya mchele. Mchele ni wa pilau. Chumvi ndiyo inayoua kamera, wala si unyevu peke yake, na mchele hauondoi chumvi. Ikitumbukia tena, itoe betri papo hapo, usijaribu kuiwasha kuona kama bado ni nzima, na umpelekee fundi siku hiyohiyo, kwa sababu kutu haisubiri kesho.

Kinga ni bora. Kwa picha za ndani ya maji tumia kamera ndogo iliyomo ndani ya kasha lisilopitisha maji. Kabla ya kulifunga, kagua ule mpira wa duara unaoziba mdomo wake, kwa kuwa unywele mmoja au chembe moja ya mchanga yatosha kuingiza maji. Ukitoka baharini loweka kasha likiwa bado limefungwa katika ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi kwa nusu saa hivi, kisha ulikaushe ndipo ufungue. Lenzi usibadilishe ufuoni kabisa. Na kamera iliyolala katika chumba chenye kiyoyozi usiitoe ghafla kwenye joto la pwani, maana kioo kitaingia ukungu na utapoteza saa nzima ya alfajiri ukikifuta. Wapiga picha wa mawimbi wana desturi ya kulamba kioo cha kasha kabla ya kuzamisha, ili maji yatiririke sawasawa badala ya kuganda matone matone. Haipendezi kutazama, lakini inafanya kazi.

Kuhusu mwanga, kumbuka kwamba pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi jua linachomoza nyuma ya mawimbi, na ukisimama mchangani unapiga picha ukiwa umelikabili. Utapata wimbi linalong'aa kama kioo cha chupa na mtu mweusi kama kivuli, ambayo ni picha nzuri lakini haionyeshi uso. Alasiri jua linakuwa mgongoni mwako na sura za watu zinaonekana wazi, ila saa hizo upepo wa kusi huwa umekwisha kuyavuruga maji. Wimbi safi linapatikana alfajiri, wakati umande unapovuma kutoka bara na kusi bado haijaamka. Basi gawa kazi: alfajiri piga mchezo, alasiri piga watu. Kwa mwendo wa pole, piga picha 100 kwa sekunde na uzionyeshe kwa 25, wimbi litakwenda mara nne polepole. Ila usifanye hivyo kila mara, kwa kuwa ukiupoza kila mruko mtazamaji hataijua kasi ya kweli ya mchezo, wala hatari yake.

Ratiba yako ifuate maji, si saa ya ukutani. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Kenya huzidi mita 3, na mahali palipokuwa na wimbi saa mbili paweza kuwa nchi kavu saa saba. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Majedwali ya maji hutolewa na mamlaka za bandari, lakini mvuvi yeyote mzee atakuambia bila ya karatasi.

Sauti sasa. Upepo unaogonga maikrofoni hauwezi kuondolewa baadaye kwa programu yoyote bila ya kuharibu maneno. Vika maikrofoni manyoya ya kukinga upepo, na mahojiano marefu yafanye nyuma ya banda la makuti au ndani ya nyumba, kwa kuwa muungurumo wa bahari hubadilika kila sekunde na ukikata sentensi moja na kuunga nyingine masikio yatasikia mruko. Rekodi bahari peke yake, dakika mbili au tatu kila mahali, kila hali ya maji, uje kuilaza chini ya maneno kwa kiasi unachotaka. Radio ya jirani ikiwa inapiga taarabu wakati wa mahojiano, mwombe aizime kwa adabu: wimbo huo una mwenyewe, na haki ya kuutumia utatakiwa uilipie.

Tena, dada, usiingie majini na kamera kama huogelei vizuri kuliko unavyopiga picha. Mkondo unaorudi baharini hauna huruma na mtu aliyeshika kitu kwa mikono miwili. Ukikuchukua, iache kamera iende, uogelee sambamba na ufuo mpaka utoke ndani yake, ndipo urudi nchi kavu. Na awepo mtu mmoja mchangani ambaye kazi yake ni kukutazama wewe tu.

SWALI: Mimi ni mama wa binti wa miaka kumi na minne, naishi kijiji cha Kaunti ya Kilifi. Binti yangu hucheza na wenzake juu ya mawimbi. Wamekuja watu wa filamu, wamempiga picha siku tatu, na sasa wameniletea karatasi ya Kiingereza wakitaka nitie sahihi. Baba yake hataki kabisa, anasema ni aibu mtoto wa kike kuonyeshwa amelowa maji. Mimi naona mtoto ana furaha. Nifanye nini? – Mama, Kilifi

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza, karatasi usiitie sahihi. Wao ndio waliopaswa kuja kwako kabla ya siku ya kwanza, si baada ya siku ya tatu, na kuchelewa kwao ni jambo la kuwahoji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, tena kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto mwenyewe. Na ingawa sheria hiyo imewawekea wanahabari na wasanii nafuu fulani, mtengeneza filamu mwenye staha hajifichi nyuma ya nafuu hiyo.

Waambie waje nyumbani, baba yake akiwapo, wakusomee karatasi ile kwa Kiswahili, au kwa Kigiriama kama ndiyo lugha mnayoisikia vizuri zaidi, na wakueleze mambo manne: picha zitaonyeshwa wapi, kwa muda gani, nani atazimiliki, na mkibadili mawazo mtafanyaje. Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa kwa makusudi. Takeni iandikwe kwamba mtaona filamu kabla haijakamilika na kwamba picha ya binti mtakayoikataa itaondolewa. Jina la shule yake na njia anayopita kwenda nyumbani visionekane kabisa.

Kuhusu baba yake, sitakuambia kwamba amekosea, kwa sababu hofu yake si ya bure: picha ya binti aliyelowa, ikikatwa kutoka filamu na kurushwa katika simu za watu, haina tena filamu ya kuilinda. Lakini kuna njia kati ya kukubali yote na kukataa yote. Binti anaweza kucheza akiwa amevaa nguo za kumsitiri, kama wafanyavyo mabinti wengi, na kamera inaweza kumpiga kutoka mbali akiwa juu ya wimbi, na kwa karibu akiwa nchi kavu amekwisha kubadilisha nguo. Kamera haina haja ya kumsogelea anapotoka majini. Ikiwa mpiga picha atakuambia kwamba bila ya picha hiyo filamu haiwezekani, basi umekwisha kujua anatafuta filamu ya namna gani.

Huenda ikampa baba yake jambo la kufikiri akisikia habari za Khadjou Sambe wa Ngor, mjini Dakar, binti wa kabila la Walebou, ambao ni wavuvi. Wazazi wake walimkataza mchezo huu kwa zaidi ya miaka 2, nao pia kwa sababu ya aibu. Baadaye walikubali, naye akawa mwanamke wa kwanza wa Senegal kuufanya mchezo huo kuwa kazi. Simtaji ili kumshinda baba mtoto kwa hoja. Namtaja kwa kuwa katika nyumba ile, kama katika yenu, mazungumzo yalichukua muda, na watu wa filamu hawana budi kungoja muda huo upite. Binti mwenyewe naye aulizwe, peke yake, bila ya wageni kuwapo.

SWALI: Naomba kujua vibali vinavyohitajika, hasa kwa droni. – Msomaji, Watamu

JIBU: Kwa Kenya, leseni ya kupiga filamu hutolewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Watamu na Malindi zina mbuga za bahari zilizotangazwa mwaka 1968, na ndani ya mipaka yake utahitaji idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Droni inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa kanuni za mwaka 2020; usiirushe bila ya kibali, usiipeleke karibu na uwanja wa ndege wa Malindi, ambao uko jirani sana na mji, wala upande wa Ngomeni kwenye kituo cha anga cha Waitaliano. Anayepiga picha Tanzania Bara aende Bodi ya Filamu, na wa Zanzibar aende BASSFU, yaani baraza la huko linalosimamia sanaa na filamu. Baada ya hayo yote bado hujapata kibali cha wenye ufuo: mwone mwenyekiti wa kamati ya wavuvi wa mahali hapo kabla ya kushusha vyombo vyako, kwa sababu leseni ya Nairobi haimwambii mvuvi kwa nini umesimama juu ya kamba yake.

SWALI: Mimi ni Mswahili ninayeishi Hamburg. Nina mtayarishaji wa hapa aliye tayari kulipia filamu kuhusu vijana wa kwetu wanaoteleza mawimbini, lakini anataka isimuliwe kwamba Waafrika waliiogopa bahari hadi watalii walipoleta mbao, na filamu ipewe jina lenye neno "siri". Nikikataa nitakosa fedha. Unanishaurije? – Msomaji, Ujerumani

JIBU: Ndugu yangu, mtayarishaji wako utamjibu kwa habari za Mjerumani mwenzake. Katika miaka ya 1640 Michael Hemmersam, aliyekuwa akiwatumikia Waholanzi katika pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana, aliandika kwamba wazazi wa huko waliwafunga watoto wao kwenye mbao na kuwatupa majini. Alidhani anaona watoto wakifundishwa kuogelea. Mwanahistoria Kevin Dawson, aliyechunguza maandishi ya namna hiyo, anaeleza kwamba mzungu huyo alikuwa akitazama watoto wakipanda mawimbi bila ya kujua anachokitazama. Karibu karne mbili baadaye, katika miaka ya 1830, Mwingereza James Edward Alexander alisimama ufuoni Accra akaona wavulana wakiogelea kwenda nje na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakingoja wimbi na kurudi nalo. Miaka mia na zaidi ikapita tena, na katika miaka ya 1960 filamu moja maarufu ya Wamarekani ikapita Ghana hiyohiyo ikiwasimulia watazamaji kwamba ndio kwanza mchezo unafika.

Kwa pwani yetu usichukue habari za Ghana ukazibandika, maana hilo nalo lingekuwa uongo. Nenda kwa wazee wa ngalawa uwaulize walivyokuwa wakivuka mlango wa mwamba kusi ikiwa kali, jinsi nahodha anavyohesabu mawimbi, akaliacha moja, akaliacha la pili, kisha akaelekeza chombo juu ya la tatu likambeba hadi ndani. Waulize walipokuwa wadogo walichezea nini majini. Mbao za faiba zililetwa na wageni, hilo ni kweli na lisemwe. Lakini anayeijua bahari kwa namna ile hakungoja kufundishwa kutoiogopa.

Fedha ni jambo la haki pia, na sikudharau kwa kulitaja. Kabla ya kutia sahihi, soma kipengele cha picha ghafi, yaani zile ambazo hazitaingia katika filamu: mikataba mingi huzifanya mali ya mtayarishaji milele na duniani kote, na baada ya miaka mitatu utamwona kijana wa kwenu akiuza soda katika tangazo ambalo hakulipwa. Dai kwamba picha hizo zisitumike nje ya filamu bila ya idhini yenu, kwamba vijana walipwe fidia ya siku watakazoacha kazi zao, kiwango kikiwa kimoja kwa wote na kikijulikana na wote, na kwamba onyesho la kwanza lifanyike kwao, hata kama ni kwa projekta na shuka jeupe ukutani. Mtayarishaji akigoma katika hili la mwisho, ambalo halimgharimu karibu chochote, mlango wake si wa pekee. Docubox ya Nairobi, iliyoanzishwa na Judy Kibinge, hufadhili filamu za hali halisi za Afrika Mashariki, na ZIFF, yaani Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, limekuwa likionyesha filamu Ngome Kongwe, Unguja, tangu mwaka 1998. Katika mikusanyiko kama hiyo utakutana na watayarishaji ambao hutahitaji kuwafundisha mwambao uko wapi.

Kuhusu jina, mwambie kwa upole kwamba ufuo wenye msikiti, shule ya msingi na mnada wa samaki kila alasiri haufai kuitwa siri, na umwombe afunge safari aje auone mwenyewe, wakati wa kusi, ili naye asiseme kwamba bahari yetu haina mawimbi.